Nina nyota tatu begani na nataka kusomea biashara, nianzie kwa nani?

Shikamoo Mama,

Naomba usitaje jina langu wala kikosi changu. Mimi ni afisa wa Jeshi la Wananchi, cheo changu ni kapteni, mwanamke wa miaka 34. Nimeolewa na tuna watoto wawili. Tunakaa Nzuguni hapa Dodoma, nyumba ya kupanga, kwa sababu ya kwetu imefika lenta ikasimama. Mkopo wa benki niliouchukua kwa ajili ya ujenzi umeshaisha mfukoni, lakini makato yake kwenye mshahara bado yanaendelea.

Kazi yangu ni ugavi na usafirishaji. Nilikuwa na shahada kabla ya kuingia jeshini, nikapita JKT, baadaye nikapelekwa chuo cha kijeshi Monduli na kupata kamisheni, yaani uafisa. Tangu hapo maisha yangu ni magari, mafuta, matairi, mahema, chakula na daftari la stoo. Mtaani wakisikia mwanajeshi wanadhani kutwa tunalenga shabaha. Bunduki mimi naishika kwa ratiba, kalamu ndiyo naishika kila siku.

Wazo la shule lilinijia nilipokuwa kwenye ulinzi wa amani Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mizigo mingi ilikuwa inashushwa bandari ya Douala, Kameruni, halafu inakuja kwa barabara. Masika ikishika, malori yanalala njiani na sisi tunahesabu kilichobaki. Sasa dizeli ikawa inaisha kuliko ilivyopangwa, na maneno yakaanza kwamba kuna watu wanauza. Kila mtu anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Nikachana boksi la biskuti, nikachora mistari kwa nyuma, nikamwambia koplo mmoja apime tangi kwa kijiti asubuhi na jioni na aandike saa ambazo kila jenereta limewaka. Ndipo tukaona hakuna mwizi. Jenereta kubwa lilikuwa linaunguruma usiku kucha kwa ajili ya taa chache na friji. Tukahamishia matumizi ya usiku kwenye dogo, mafuta yakatosha, na watu wakarudi kula pamoja. Mama, sijawahi kuifurahia kazi kama kipindi kile. Nikajiuliza, hivi mambo haya hayana shule yake?

Nikaja kujua yanayo. Siku hizi watoto wakilala naweka vifaa vya masikioni, natazama video za maafisa wa Marekani walioacha jeshi wakaenda kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, kwenye vyuo vikubwa. Wanasema vyuo vinawapenda wanajeshi. Nikapata moyo. Halafu nikafungua fomu ya chuo kimoja, nikakuta wanataka nieleze mafanikio yangu kazini na mchango wangu katika biashara. Nikafunga simu. Mimi sijawahi kuuza hata karanga. Jeshini hakuna faida na hasara, kuna kutekeleza.

Ndoto yangu iko hapa hapa Dodoma. Mjomba wangu analima zabibu Hombolo. Zikiiva zinaiva kwa wote, wanunuzi wanashusha bei, ndoo zinapangwa barabarani na ikifika jioni zile za chini zimeanza kutoa maji. Nataka nije kuwa na ghala la baridi na magari ya kubebea.

Vikwazo ni hivi. Vyuo vinataka barua mbili za watu wanaoifahamu kazi yangu, na mtu huyo ni mkuu wangu wa kikosi, ambaye ameshanidokeza kwamba jina langu linaweza kupelekwa kwenye kozi. Nikimwambia habari za MBA atajua nafungasha, na hapo nimejiharibia. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Anasema nikitaka kusoma nisome Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) jioni nirudi nyumbani. Habari za Ulaya hataki kuzisikia, eti mwanamke akienda huko anarudi na akili nyingine. Mama yangu yuko Kondoa, ananiambia watu wanalia ajira na wewe unataka kuitupa ya serikali. Rafiki yangu tuliyekuwa naye Monduli anasema kama ni vyuo vya hapa nisijisumbue, havina jina.

Niache jeshi nikasome nje? Nisome hapa kimyakimya mpaka nimalize? Au niliache wazo lenyewe?

Kapteni, Dodoma

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kulibeba hili peke yako usiku na vifaa vyako vya masikioni. Kuna mambo mawili matatu nimeyaondoa kwenye barua yako, kwa sababu mtu wa kikosini angekutambua hata bila jina.

Unaniuliza kama jambo ni moja, mimi naona ni manne. Unataka kusoma. Unataka, labda, kutoka jeshini. Unataka biashara ya zabibu. Na unamwogopa mkuu wako. Umeyafunga kitita kimoja, ndiyo maana kila ukijaribu kukiinua kinakushinda. Kusoma si lazima kuwe kutoka, na ghala la baridi halijasema kwamba linahitaji MBA. Tuyatenganishe kidogo, halafu wewe mwenyewe utaona lipi zito.

Nianze na hizo video. Wale maafisa hawadanganyi, ila wanasema ya kwao. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2008 ya kuwasomesha waliotumikia jeshi baada ya Septemba 11, ikaanza kutumika 2009. Serikali yao inawalipia ada, na kwa vyuo binafsi vya ghali kuna mpango ambao chuo na serikali wanachangia kujazia pale fedha ya serikali inapoishia. Kwa hiyo mwanajeshi wao anafika chuoni na mlipaji wake, anawakuta wenzake waliotangulia na wana chama chao, na wasomaji wa maombi wameshazoea kusoma vyeo vyao. Wewe ungeomba kama mwanafunzi wa kigeni. Mlango haujafungwa hata kidogo, lakini swali la nani analipa ni lako peke yako. Pale Harvard MBA ni miaka miwili, na ada tu, bila chumba wala chakula, inazidi dola 70,000 kwa mwaka. INSEAD, chuo cha biashara cha Ufaransa, ni miezi kumi, ndiyo maana wengi wenye familia huiangalia, ingawa nayo si ya bei ya kwetu. Vyuo vikubwa hutoa msaada kwa kuangalia uwezo wa mtu wa kulipa, na Uingereza wana ufadhili wa Chevening kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Huo unadai uzoefu wa kazi wa miaka kama miwili, kwa MBA una kikomo cha ada ambayo wafadhili wanailipa, na ukimaliza lazima urudi nyumbani ukae miaka miwili. Hiyo ya kurudi, hebu mwonyeshe baba watoto, aisome kwa macho yake.

Sasa hilo la kwamba hujawahi kuuza hata karanga. Hapa ndipo nakukatalia, maana barua yako yenyewe inakukanusha. Ulikuwa na bidhaa inayokwisha kabla ya wakati, njia ya kuileta haiaminiki, watu hawaaminiani, na kila mtu ana maelezo yake. Hukumfokea mtu wala hukumfungia mtu mahabusu. Ulipima. Kisha ukabadilisha jambo moja, na matokeo yakaonekana kwenye tangi. Wafanyabiashara wenye malori pale Nanenane wanatafuta mtu wa namna hiyo hawampati. Vyuo vya biashara vikimtaka mwanajeshi havitaki kombati yake, vinataka mtu aliyekabidhiwa watu na mali angali kijana akalazimika kuamua bila kuwa na taarifa zote. Hilo boksi la biskuti ndiyo insha yako. Kama bado unalo, litunze.

Ila uandike kwa lugha ya uraiani. Ondoa vifupisho vyote vya kijeshi, ondoa "ilitekelezwa" na "ilielekezwa", weka "niliona", "nilimwomba", "tulibadilisha". Ukimaliza msomee mama muuza mboga wa soko la Majengo, akikuuliza "sasa huyo koplo ikawaje?" ujue umeandika vizuri. Na kweli, huyo koplo ikawaje? Umemtaja mara moja akapotea, na ndiye aliyekuwa anaamka kupima. Wasomaji wa maombi huangalia sana mahali hapo, kama mtu anaona waliomzunguka au anajiona yeye tu.

Lingine la kuangalia ni siri za kazi. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 unaifahamu kuliko mimi. Idadi ya askari, silaha, njia za misafara, majina ya kambi, vyote vikae nje ya insha, hata kama misheni yenyewe inajulikana na dunia nzima. Habari ya jenereta haihitaji hata kimoja kati ya hivyo. Lakini usijiamulie peke yako. Kuna watu kikosini kazi yao ni kulitazama hilo, na ni heri wakusomee kabla ya kutuma kuliko baada.

Hapo ndipo tunapofika kwa mkuu wako. Wewe umeshahitimisha kwamba ukitaja MBA yeye atasikia "naacha kazi". Inawezekana. Mimi simjui. Lakini umefika hapo kwa kukisia, na wewe si mtu wa kukisia, wewe ni mtu wa kuweka kijiti kwenye tangi. Ombi la kusoma na ombi la kuacha jeshi ni barua mbili tofauti, na jeshi lenyewe linajua tofauti yake, maana linasomesha. Hata pale Monduli siku hizi maafisa wanafunzi husoma shahada kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha. Tena jeshi letu halijatengana na biashara kama unavyodhani. SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la JKT, wanajenga, wanalinda, wanalima. Kuna mashirika ya jeshi pia, Mzinga kule Morogoro na Nyumbu pale Kibaha. Mahali kote huko kuna mtu amekaa usiku anatafuta kwa nini gharama imezidi bajeti. Umejiuliza kama hiyo kazi ungeipenda ukiwa bado na nyota zako? Sisemi uipende. Nauliza kwa sababu kwenye barua yako yote hujaniambia hata mara moja kwamba umelichoka jeshi.

Hatari zipo, sitakuficha. Anaweza kukwambia usubiri. Anaweza kukupeleka kwenye ile kozi kwanza, na huko ukapotea mwaka. Ukisomeshwa kwa gharama ya mwajiri, kwa kawaida kuna kipindi cha kulitumikia jeshi baada ya masomo, kwa hiyo uliza mapema ni cha muda gani na kiko kwenye maandishi gani. Na kama moyo wako uko kwenye kutoka, jua kwamba kamisheni yako ilitoka kwa Rais na iko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966. Haiachwi kwa barua ya kuacha mezani Ijumaa. Inaombwa, inapita ngazi, inaidhinishwa, na inaweza kuchukua muda kuliko msimu wa maombi wa chuo. Vyuo vikubwa vya Marekani vina duru mbili kubwa za kupokea maombi, ya Septemba na ya Januari. Ukianzia na chuo kabla ya jeshi unaweza kupata nafasi usiyoweza kwenda kuikalia.

Kusoma kimyakimya, mwanangu, kunanitisha kidogo. Dodoma ya sasa ni mji mdogo wenye wakubwa wengi. Tangu Serikali ihamie, darasa la jioni la MBA lina watu wa wizarani Mtumba, wa benki, wa halmashauri, na mmoja wao lazima atakuwa shemeji wa mtu wa kikosini kwako. Halafu kazi yako haina jioni ya uhakika. Siku ya mtihani ndiyo siku unaitwa. Mwalimu wa chuo ukimwambia ukweli atakupangia njia, ila kama kikosini hawajui, utakuwa unawadanganya watu wa pande zote mbili. Usiri ungeweza kukufikisha mwisho salama, wapo waliofika, lakini pima kama unauweza.

Kuhusu vyuo vya hapa kutokuwa na jina: jina kwa nani? Ukitaka kuajiriwa na benki ya London, rafiki yako ana hoja. Ukitaka kuwakusanyia wakulima wa Hombolo zabibu, sijui ni mkulima gani atakayeuliza cheti chako kilitoka wapi. UDOM ilifunguliwa 2007 na ina ndaki ya biashara na uchumi. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa na kinamfaa mtu anayeweza kuhamishwa wakati wowote, ila huko unasoma peke yako zaidi, na wewe nadhani ni mtu wa kuchangamka ukiwa na wenzako. Mzumbe nao wana MBA. Kwa kawaida kuingia uzamili hapa nchini wanatazama shahada yako ya kwanza, GPA kuanzia 2.7, kwa hiyo kitoe hicho cheti sandukuni ukiangalie. Faida ya darasa la hapa ni hao hao wa benki na halmashauri niliowataja. Kesho ndio wa kuwaona kwa mkopo na kiwanja. Hasara yake ni kwamba hutatoka kabisa katika dunia unayoijua, na huenda moyo wako unachotaka hasa ni kutoka humo kwa muda. Hilo halina ubaya.

Kama nje bado panakuita, kuna kitu unachoweza kuanza nacho pale mezani kwako bila kumkwaza mtu, nacho ni mazoezi ya GMAT, mtihani ambao vyuo vingi vya biashara hutumia kuchagua wanafunzi. Mtihani wa sasa ni saa mbili na robo, una sehemu tatu: hesabu, lugha, na kusoma takwimu. Alama ni 205 hadi 805 na zinadumu miaka mitano. Vyuo vingi hupokea mtihani mwingine, GRE, badala yake. Yote miwili hufanyika hata nyumbani kwa intaneti, ingawa kwa umeme wa mtaani kwetu mimi ningepanda treni ya SGR nikafanyie kwenye kituo Dar, nipunguze presha. Fanya kwanza mazoezi ya majaribio. Matokeo yake yatakupa picha ya ukweli kuliko video.

Zabibu sasa. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Hilo ghala lako kati ya msimu na msimu litahifadhi nini? Umeme wake nani analipa likiwa tupu? Mkulima mwenye shida ya ada ya mtoto atakubali kukuachia ndoo zake wiki mbili asubiri bei, au anataka pesa leo? Haya ndiyo maswali watakayokuuliza darasani kwa ada kubwa, na mjomba wako anaweza kukujibu nusu yake kwa bei ya soda. Chukua likizo yako inayokuja, ukae Hombolo wakati wa mavuno na daftari. Huenda ukatoka huko na insha nzuri zaidi ya ile ya jenereta. Huenda pia ukagundua kwamba unachohitaji ni lori moja la jokofu na mshirika mwaminifu. Kama utataka kuanza hata kidogo ukiwa bado kazini, uliza kwanza kanuni zenu zinaruhusu nini.

Na ule mkopo. Ukiacha mshahara, makato hayaachi. Nenda benki uwaombe salio lililoandikwa, uwaulize linageuka vipi mkopaji akiacha kazi, kisha upite ofisi ya utawala ujue mafao yako yakoje ukiondoka sasa na ukiondoka baadaye. Ukiwa na karatasi hizo mbili, hata mama yako kule Kondoa utamjibu vizuri zaidi. Yeye anaongea kama mtu aliyewahi kuona ukosefu, na wala hajakosea kuuogopa.

Nimemwacha mumeo mwisho kwa sababu sikumwelewa. Maneno ya "akili nyingine" yaliniudhi, nakiri, lakini mwanaume anayesema soma jioni urudi nyumbani hajakukataza shule. Wakati wa misheni alibaki na watoto, sivyo? Nani alikuwa anawaogesha, nani alisaini daftari za shule? Pengine anajua uzito wake ndiyo maana anaogopa miaka mingine. Pengine ni kiburi tu. Niandikie tena ukishakaa naye, na umwulize yeye angetaka nini kwa miaka mitano ijayo, maana katika barua yako nimesikia kila anachokikataa, sijasikia hata kimoja anachokitaka.